Boneti Yenye Mshono

Mimi ni fundi cherehani, na mdomo ninao, sikatai. Mume wangu ni dereva, mtu wa maneno machache, ila gari lake dogo jeusi analipenda mpaka mama mkwe huniuliza kama tunalala nalo chumba kimoja. Viti vya gari hilo nilivishona mimi mpaka vidole vikavimba. Wenzake kazini walipovisifia, akawajibu, "Nilivipata mahali." Mke wa mwenzake ndiye aliyeniletea habari. Mahali. Mahali penyewe ni mimi. Nilimezea, lakini iliniuma, na tangu siku hiyo nilitaka kitu kimoja tu: anitaje mbele za watu.

Kisha akaleta kitambaa cheusi cha nyuzi za kaboni. Wapenzi wa magari wa mtaani kwetu hukutana uwanjani kuonyeshana magari yao, naye alitaka kwenda na boneti iliyovikwa kitambaa hicho. Unapaka gundi ya maji, wenyewe wanaiita resini, juu ya bati, unalaza kitambaa, unapaka tena na tena, na ikikauka inakuwa ngumu, inang'aa kama kioo. Rafiki yake, fundi rangi, alimwambia hiyo ni kazi ya gereji, haifanyiki nyumbani. Basi ndiyo kwanza akaapa ataifanya kwenye ukumbi wetu wa nyuma.

Alianza na vifuniko vya vioo vya pembeni. Mara ya kwanza alikoroga resini nyingi mno na dawa yake ya kuigandisha. Ikapata moto yenyewe ndani ya kikombe, ikafuka moshi, kikombe kikalegea. Kikombe chenyewe kilikuwa changu cha kupimia unga. Nilisema niliyoyasema, na jirani aliyasikia pia. Mara ya pili kitambaa kilijikunja kwenye kona, yeye akakivuta kwa hasira, nyuzi zikafumuka, akabaki ameshika manyoya. Kitambaa kilichosalia kilitosha boneti peke yake.

"Nipe nikate mimi," nikamwambia.

"Hili siyo gauni, mke wangu."

"Ni kitambaa. Kina uzi wa urefu na uzi wa upana. Ulidhani ni bati?"

Akanikata jicho, akakilaza kikavu juu ya boneti, aliyokwisha kuifungua garini, kujaribu. Sasa boneti ile ina mwinuko katikati, unaoanzia chini ya kioo cha mbele mpaka kwenye taa. Akikandamiza kushoto, kulia kunanyanyuka. Akikandamiza kulia, mkunjo unahamia kushoto. Nilivuta kigoda nikakaa kumtazama, na nilikuwa nafurahi, kwa nini nidanganye.

"Hicho ni kifua," nikasema. "Kifua ukikivika kipande kimoja lazima kijikunje. Unagawa katikati, unaunga."

"Watu wataona kiungo."

"Ndiyo nataka wakione."

Nikakichukua nikamwonyesha. Kitambaa kile kina vimistari vinavyopanda kwa mshazari, na pande zake mbili zinafanana, isipokuwa ukikigeuza mistari inapandia upande wa pili. Nusu moja nitailaza uso juu, nusu nyingine uso chini, mistari ikutane juu ya mwinuko kama mifupa ya samaki. Magauni ya mistari nimeyaunganisha hivyo migongoni miaka nenda rudi, na wateja huyafuata kwangu wakipita mafundi wengine njiani.

"Ukikosea hatuna kingine," akasema.

"Nikikosea nitanyamaza mwezi mzima."

"Hapo umenipa tamaa, karibu nikuombee ukosee." Lakini akakiachia.

Nilibandika tepu ya karatasi pale pa kukata, nikakata katikati ya tepu ili nyuzi zisifumuke, kwa mkasi wangu mkubwa ambao humu ndani hakuna anayethubutu kuugusa. Yeye akapiga boneti msasa, akaifuta, akakoroga resini, safari hii kidogo kidogo. Tukavaa glavu na barakoa, milango wazi. Alipopaka tukangoja mpaka ikawa inanata kwenye glavu bila kuchafua. Nikalaza nusu ya kwanza. Nusu ya pili niliisogeza uzi kwa uzi kwa ncha ya sindano, mistari ikitazamana, kisha nikabandua tepu taratibu. Mume wangu alisimama ng'ambo ya boneti, na hakunielekeza hata neno moja. Baada ya hapo ikawa zamu yake: kupaka, kungoja ikauke, msasa wa maji, kupaka tena, mpaka tukajiona nyuso zetu humo.

Uwanjani sikushuka garini. Niliteremsha kioo nusu nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Watu walijazana mbele ya boneti, na fundi rangi akainama, akapitisha kidole kwenye mshono wangu kutoka juu mpaka chini, akarudia tena.

"Hii umefanyiwa gereji gani?"

Nilishaamua, akisema "mahali" nashuka, narudi nyumbani kwa miguu, na chakula cha jioni ajipikie. Mume wangu akatoa kitambaa mfukoni, akafuta pasipokuwa na vumbi. Namjua, huwa anafanya hivyo akitafuta maneno.

"Fundi ni mke wangu," akasema. "Mimi nilikuwa nakoroga gundi."

"Mkeo yupi, yule wa cherehani?"

"Kwani ninao wangapi? Yule pale. Muulizeni mwenyewe."

Wote wakageuka. Fundi rangi akaja mpaka dirishani, akainamisha kichwa kidogo. "Shemeji, mistari hii uliigeuzaje?"

Nikashuka. Nikawaeleza uso juu na uso chini, nikawaeleza tepu, nikawaeleza kifua, nikawaeleza mpaka na mambo ambayo hawakuuliza. Jua liliwaka utosini na hakuna aliyeondoka. Mume wangu alikaa pembeni kanishikia mkoba, na kila aliyechelewa kufika alimvuta mkono akamwambia, "Sogea umsikilize. Huyo ni mke wangu."