Kisima cha Dada

Jua la mchana ni kali hata mbwa hawabweki, na Elsie, mchoraji wa kijiji kimoja cha jangwani katikati ya Australia, anasinzia pale pale alipokaa, shavu juu ya turubai lililotandazwa chini. Picha iliyomo aliianza dada yake, aliyefariki kabla hajaimaliza. Kwao jina la marehemu halitajwi, nasi hatutalitaja. Kimebaki kuchorwa kisima kimoja, kisima cha ukoo. Akionyeshe wazi, au asikionyeshe? Dada ndiye aliyejua, na hadithi ya wazee haichorwi kwa kubahatisha. Akikosea, ameuvua ukoo nguo hadharani. Macho yanajifumba, vitone vya rangi vinaanza kutembea, naye anavifuata. Njia ni nyekundu, inapinda, inarudi ilikotoka, na kila kitone akikikaribia ni mji, na katika kila mji kuna Elsie mwingine anayemjia. Mbele anakwenda mwanamke asiye na uso, lakini ule mwendo wa kuburuta kisigino Elsie anaujua tangu utotoni. Jina linafika kwenye ncha ya ulimi, nusu yake inamponyoka, na papo hapo mwanamke anaanza kufutika, miguu, magoti, kiuno. Elsie anajiziba mdomo, analia. Dada, anasema, dada tu, na mwanamke anarudi kidogo kidogo.

Kisima nikifanyeje, dada?

Tulipokwenda kuwinda, tukishakunywa, tulikifanyaje?

Tulikifunika kwa matawi na mchanga.

Kwa nini?

Wanyama wasikichafue. Jua lisikikaushe.

Sasa unaniuliza nini, mdogo wangu? Na hiyo njano ya udongo punguza, unaimwaga utadhani umeichimba mwenyewe.

Elsie anacheka, na kicheko kinamwamsha, au kinamlaza zaidi, hajui. Kijiti cha kuchorea kiko mkononi. Anakifunika kisima, kitone juu ya kitone, njano kidogo tu, na moyo wake umetulia. Lorna, binti wa marehemu, anakuja na birika la chai.

Mama mdogo, mbona umejibana pembeni, na nafasi tele hapo?

Usipite hapo, mwanangu, anasema Elsie, na anasogea tena kidogo, kama anayempisha mtu akae.

Lorna anapatazama pale patupu, kisha anazunguka kwa nyuma.