Namba za Batuli

...na kitanda kile cha dirishani Dhansara alikibeba mwenyewe mgongoni, siku mbili za kupanda kutoka barabara inapokomea mpaka huku juu milimani, wilayani Jumla, halafu leo Batuli anasimama mbele ya bodi nzima na kusema mwaka mzima kimelaliwa na wanawake watatu, watatu tu, namba Dhansara ameisikia vizuri ila masikio yanaikataa, nyumba hii ya wajawazito kusubiria uchungu ameianzisha yeye, jina lake liko mlangoni, "wajumbe, kati ya wanawake sitini na wanane wa vijiji vya juu, hamsini na tisa wamejifungulia nyumbani, hawashuki," na watashukaje, ng'ombe wamwachie nani, shayiri avune nani, mama mkwe apikiwe na nani, hayo aliyajua tangu mwaka wa pili akanyamaza, wageni walikuja wakaisifu nyumba, wakapiga picha, naye akasimama katikati... "lakini kule wakunga walikopanda kwa miguu yao, miaka miwili hajafa mama hata mmoja," hata mmoja, na mwenyekiti Harkajit anakohoa, "We binti, unajua unasema mbele ya nani?" "Najua, mwenyekiti. Mbele ya dada aliyenifundisha kuhesabu," loh, kimdomo kilekile, alikuja hapa na miaka kumi na tisa, akajaza daftari la wajawazito kwa kubuni, uvivu wa kupanda mlima, na Dhansara akamrudisha mlango kwa mlango, "Ukiandika uongo hapa, kuna mtu atakufa kule," akarudi siku ya tatu miguu imevimba, namba zote kamili... na nani mwingine angethubutu leo, wakati yeye mwenyewe, mwenye nyumba, miaka saba hakuthubutu... "Dada Dhansara," Harkajit anasema kwa upole, "tuifunge, tuwapeleke wakunga juu? Bila neno lako hatupigi kura," chai imewekwa mbele yake haijaguswa, wanaume watano wanamtazama kama mfiwa, wanangoja alie, hawajui yeye anamtazama nani, Batuli karatasi hajaishusha, macho hajayashusha, "Dada, tunakungoja," naam, wangoje, jibu analo tayari, nalo ni ndiyo, ila wamtazame kwanza huyo binti, wote watano, wamtazame vizuri alivyosimama.