Chai ya Shayiri Kwenye Kibua

Nawategea, ninyi mnaosoma: nina mgeni anayeingia nyumba laki moja kwa wakati mmoja bila kuvua viatu. Anapika kila siku iendayo kwa Mungu, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuonja chakula chake. Ni nani? Msinipe mji upesi hivyo, fikirini kwanza.

Haya, ni mpishi wa televisheni.

Hapa kwetu Dolmeori, kijiji cha pwani ya Korea, msimu wa mwani ukiisha, sisi bibi tunahamia nyumba ya wazee ya kijiji kushinda mchana. Sakafu inapashwa moto kwa chini, blanketi moja tunafunika miguu kumi, na tunawatazama wapishi. Kila mmoja ana wake. Mama Hyo-sik anampenda yule kijana anayekunja mikono ya shati. Kipindi kikikaribia, mwenzetu anapaka rangi ya mdomo, na ukimuuliza anasema midomo imemkauka. Mimi nampenda yule mnene anayeonja hata kabla maji hayajachemka. Wote tunawagombeza. Punguza moto, mwanangu. Hivyo vitunguu saumu umeviosha? Hawatusikii, na sisi hatukomi.

Ila akitajwa Mwalimu Maeng Ok-ja, zogo lote linakwisha. Huyo alianza kupika kwenye televisheni nywele zake zikiwa nyeusi tii, na sasa ana miaka sabini na miwili. Siku hizi anazunguka vijijini kutafuta vyakula ambavyo mama mkwe alimfundisha mke wa mwanawe, naye akamfundisha wa kwake, hivyo hivyo kushuka chini. Kipindi kinaitwa Chungu cha Ukoo.

Basi asubuhi moja tukiwa bado kitandani, mkuu wa kijiji akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba Mwalimu Maeng anakuja Dolmeori, nyumbani kwa Bibi wa Bandong, tunayemwita kwa jina la kijiji alikozaliwa, kupika kibua na figili.

Hakuna aliyeshangaa. Sisi sote tunapika kibua kwa supu ya dagaa wakavu, lakini Bibi wa Bandong peke yake anatia chai ya shayiri, ile ile tunayokunywa badala ya maji. Na ni kitamu, siwezi kusema uongo. Alituambia miaka nenda miaka rudi kwamba ni siri ya ukoo wa mumewe. Eti bibi mmoja wa zamani alimpikia hakimu wa wilaya, na hakimu akaomba aongezwe. Kila akisimulia, hakimu alizidi kula. Mara ya mwisho nilipomsikia, hakimu alikuwa kwenye bakuli la tano.

Anayepika chungu hicho ni mke wa mwanawe, Jeom-rye, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Tuliolewa mwaka mmoja, miaka thelathini na minane sasa. Wiki ya kwanza ya ubibi harusi wake alimuuliza mama mkwe: Mama, nani alikufundisha kutia chai kwenye samaki? Akajibiwa kwamba katika nyumba hii mke wa mwana anapika, hahoji. Alikuja kwangu kumenya vitunguu saumu siku ile, akimenya kama anayewachuna ngozi adui zake. Hakuuliza tena.

Lakini swali halikumtoka. Wiki mbili kabla ya watu wa televisheni kufika, aliniambia kwamba mke wa mwanawe yeye, aliyeko mjini Gwangju, amempigia simu kumuuliza swali hilo hilo, na yeye hana la kumjibu zaidi ya habari za hakimu.

"Mama ana miaka tisini," akasema. "Akiondoka na jibu lake, mimi nitabaki kupika kitu nisichokijua mpaka nife. Nataka kusikia mara moja tu, dada. Mara moja."

Wakati huo Bibi wa Bandong mwenyewe alikuwa halali wala hali. Tulidhani ni furaha. Kumbe wapi. Siku mbili kabla, alimwita mkuu wa kijiji akamwomba awaambie wageni kwamba yeye amekufa. Mkuu wa kijiji akasema haiwezekani, amekwisha kutangaza.

Wakaja. Nyumba ilijaa nyaya, na mlangoni tulisimama bibi wote wa Dolmeori, Mama Hyo-sik midomo imemwiva kama pilipili, ingawa yule mpishi wake kijana hakuwamo. Bibi wa Bandong aliketishwa sakafuni kwenye mto mpya, mimi ubavuni kwake kumshika mkono.

Jeom-rye akaanza kupika, na Mwalimu Maeng akawa anamwandama na mizani ndogo. Jeom-rye akichota pilipili ya unga, Mwalimu anamdaka mkono hewani.

"Kiasi gani hicho?"

"Kiasi chake."

"Vijiko vingapi?"

"Mwalimu, mkono wangu hauna namba."

Watu wakacheka, pilipili ikapimwa, ikarudishwa chunguni. Figili zikapangwa chini, kibua juu yake, mchuzi wa soya, saumu, tangawizi. Kisha Jeom-rye akainua birika la shaba akamimina chai. Mwalimu Maeng alikuwa amefungua mdomo kuuliza vikombe vingapi. Akaufunga. Alilitazama lile birika kama mtu aliyeona kiatu chake kwenye mguu wa mwingine.

Kilipoiva, akaonja. Akaonja tena. Akaweka kijiko chini akamgeukia mwenye nyumba.

"Mama, pishi hili nani alikufundisha?"

Bibi wa Bandong akatazama sakafu. Tukamsubiri hakimu atoke. Hakutoka.

Mwalimu akawaambia wenye kamera wapumzike, wakanywe kitu nje. Akasogea akakaa nasi magoti kwa magoti, Jeom-rye akiwa pale pale na upawa mkononi, na akasema kwa sauti ya chini ambayo walioko mlangoni hawakuipata. Alisema kwamba zamani, kipindi kikirushwa moja kwa moja, mezani kwake paliwekwa mabirika mawili ya shaba yanayofanana. Moja lilikuwa na supu ya dagaa, la pili chai ya shayiri ya kunywa, kwa maana taa zilikuwa kali. Siku ya kibua na figili akakosea akamimina la chai. Alijua harufu ilipopanda, akatabasamu, akaendelea. Kesho yake aliomba radhi hewani, na wenzake wa studio walimcheka mwaka mzima. Chungu chenyewe kilimwagwa. Hakuwahi kujua ladha yake mpaka leo, na leo amejuta kuomba radhi.

Kisha akamshika Bibi wa Bandong mkono wa pili. "Mama, mimi nitauliza tena kamera zikirudi. Utakachosema ndicho kitakachokuwa. Ukisema ni cha hakimu, mimi nitakula kama hakimu."

Nikamtazama Jeom-rye. Uso wake ulikuwa umelegea kama mtu aliyetua mzigo, halafu ukakazika tena, kwa sababu alimwona mama mkwe wake kichwa chini mbele ya kijiji kizima, mwanamke aliyetembea miaka yote kidevu juu kwa ajili ya chungu kimoja.

Kamera zikarudi. Mwalimu akauliza.

Jeom-rye akaingilia kati. Yeye aliyengoja miaka thelathini na minane, alisema kwa sauti ya kumtosha kila aliyekuwa mlangoni kwamba ni cha ukoo, Mwalimu, kimetoka kwa bibi wa zamani, na hakimu wa wilaya alikula bakuli tano.

Bibi wa Bandong akagonga sakafu kwa kijiko.

"Nyamaza wewe. Swali uliniuliza ukiwa bibi harusi, acha nikujibu."

Hakuitazama kamera. Alimtazama mke wa mwanawe.

"Mama mkwe wangu alikufa sijajua hata kuosha mchele. Na mimi nilikuwa mtu wa mwani, jiko sikulijua, tulikula tulichopata. Wewe unakuja Jumamosi, na mimi sina hata chungu kimoja cha kukufundisha. Nikaona haya. Alhamisi nikawasha televisheni, nikamkuta huyu hapa. Huyu ndiye aliyenifundisha. Ijumaa alipoomba radhi sikumwona, kwa sababu nilikuwa sokoni, nakununulia kibua."