Mdomo Wangu na Kazi ya Maisara

Kabla hujanilaumu, jua kwamba nilimwambia mtu mmoja tu.

Maisara ni binti wa marehemu kakangu. Mimi ndiye niliyemlea hapa Kibokoni, kwenye nyumba ambayo mlango haufungwi mpaka isha. Alisomea ukutubi, diploma anayo, na kwa miaka minne ameizungusha mji mzima mpaka bahasha ikachakaa pembe. Huku wamwambie arudi baada ya Ramadhani, kule wamwambie wanataka mwenye uzoefu. Huo uzoefu ataupata wapi na hakuna anayempa pa kuanzia? Hurudi alasiri, akavua viatu, akakaa ukumbini na bahasha yake, nami nikajua sina haja ya kuuliza.

Jumatano moja akanivuta jikoni.

"Shangazi, ile nyumba ya marehemu Mzee Jamaldin, Ndia Kuu, wanawe wameifanya maktaba. Wanatafuta mkutubi. Tangazo wamelibandika mlangoni tu, halijatoka popote. Mahojiano ni Jumanne. Nakuomba, hili lisitoke."

"Litoke liende wapi?" nikamjibu.

Sasa, mimi nauza mahamri na mbaazi barazani kila asubuhi, na kwangu watu hawaji kwa mahamri peke yake. Jirani yangu Swafia alimwona Maisara akipiga pasi buibui lake zuri, akaniuliza kuna harusi ya nani. Ningemwambia nini? Nikamweleza, nikamwapisha. Swafia naye ana dadake Likoni. Basi habari ikapanda feri, ikavuka, na ilipomaliza Likoni ikarudi kisiwani ikaingia Majengo.

Jumanne nikamsindikiza. Tulipokata kona ya Ndia Kuu tukakuta foleni imeanza ngazini, imepita maduka mawili ya vinyago. Nilihesabu arubaini na tatu, nikaacha. Kijana mmoja, Masha, mteja wangu wa mbaazi, akanipungia mkono kwa furaha.

"Sabalkheri, Mama Mwanakuu! Ahsante kwa habari, na mimi nimekuja!"

Maisara akageuka akanitazama. Laiti angenipigia kelele. Alinitazama tu, kama mtu aliyekwisha kuchoka kabla ya kufika, akaenda kusimama mwisho wa foleni.

Bwana Zaki, mwana mkubwa wa marehemu, alikuwa ametazamia watu sita. Alipoona umati ule akakusanya bahasha zote kwenye beseni la kufulia, akaanza kuzifungua juu juu. Haikupita saa, vyeti vimechanganyika. Akamwita Masha, mkononi ameshika vyeti vya msichana anayeitwa Mapenzi. Mapenzi akapiga ukelele. Mwingine akasema cheti chake cha polisi cha tabia njema kimepotea, na alikipata kwa kupanga foleni siku mbili. Zogo likaanza.

"Bwana Zaki," Maisara akasema kutoka nyuma, "nipe nizipange."

"Anajipendekeza huyo," mtu akanong'ona.

"Kaa wewe basi uzipange!" nikamrukia, na hakukaa.

Maisara akaketi mkekani katikati ya vitabu vya marehemu, mimi kando yake nikimpepea. Karatasi moja moja, jina kwa jina, kila cheti kwenye faili la mwenyewe. Mgongo unamuuma, namwona. Adhuhuri ikaadhiniwa, yeye bado. Kisha akashika faili moja akatulia. Nikachungulia. Kitsao, wa Rabai. Shahada ya chuo kikuu, na miaka miwili ya kazi katika maktaba ya chuo huko Kilifi.

Nilitazama kabati lililokuwa ubavuni petu. Chini yake palikuwa na upenyo ambao faili lingeingia vizuri, wala lisingeonekana mpaka siku nyumba ihamwe. Nikamgusa goti, nikamwonyesha kwa jicho.

Maisara akaliweka faili la Kitsao baada ya la Kavumbi, mahali pake. "Shangazi, toa mguu," akasema, "umekalia la Huzaifa."

Yeye mwenyewe aliitwa baada ya alasiri, akaulizwa maswali matatu. Umewahi kuajiriwa? Bado. Njiani kurudi alitembea viatu mkononi, nami sikuweza kunyamaza.

"Faili lile ungelisahau tu. Watu husahau!"

"Mtu akija kuniomba kitabu, shangazi, nimfiche kwa sababu nakitaka mimi?"

"Kitabu na mtu mbalimbali."

"Kazi ni ile ile," akasema. Baada ya hatua kadhaa akaongeza, bila hasira, "Na wewe je, ulisahau nilichokuomba?"

Nikamtoa viatu mkononi, nikambebea mpaka nyumbani.

Wiki mbili baadaye Kitsao akapewa kazi. Nilipata habari mapema kuliko wote, kwa mara ya kwanza nikatamani nisingeipata. Maisara aliposikia alitikisa kichwa, akachukua bahasha yake akaitia gundi kwenye pembe zilizochakaa. Kesho yake akatoka nayo tena.

Hivi majuzi, asubuhi, baraza limejaa kweli kweli, mafuta yanachemka, Swafia yuko, Stacy wa saluni yuko, na wengine wamesimama kwa kukosa kiti. Maisara akatoka ndani, simu bado mkononi, akaniinamia sikioni.

"Ni Bwana Zaki aliyepiga. Kitsao amekaa maktaba siku nne tu, amepata kazi ya serikali Voi. Ananitaka mimi. Nikachukue barua Jumatatu." Sauti yake haikuwa na shangwe. Ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo akagundua mikono imekufa ganzi. Akasita, akanitazama usoni. "Shangazi..."

Nikajua anachoniomba.

"Kuna nini?" Swafia akauliza, shingo imeshafika kabla ya maneno. "Nani alopiga? Ni ile kazi?"

Wallahi! Umati wote ule, na habari kama ile, tamu, ya moto, mdomoni mwangu.

"Watu wa simu," nikasema. "Wanataka tujiunge na sijui kitu gani."

"Maskini, mtoto amechoka kuhangaika," akasema Stacy.

"Amechoka," nikasema, nikageuza hamri ambalo lilikuwa limeshaiva.