Vitenge Vinavyoumwa Goti

Alhamisi saa nne asubuhi, mama mmoja wa Mengo aliyekuwa na harusi ya mdogo wake alisimama mbele ya meza ya Marie-Jeanne katika soko la Owino, akaomba kuonyeshwa kitenge cha buluu chenye maua ya njano. Marie-Jeanne alikichomoa katikati ya rundo, akakunjua mkunjo wa kwanza, wa pili, na kwenye wa tatu kitenge kikasema kwa sauti ya msichana: "Mama mudogo, goti iko inaniuma."

Mteja alikipapasa kitambaa, akauliza kama kinachuja rangi. Akaambiwa hakichuji. Akauliza tena kama kuna kingine cha rangi hiyo hiyo kisicho na goti, maana harusini tayari kutakuwa na hotuba nyingi. Hakikuwapo. Akapunguziwa kidogo, akakichukua hicho hicho.

Sauti ile ilikuwa ya Esperance, mtoto wa marehemu dada yake Marie-Jeanne, mwenye miaka kumi na sita. Saa hiyo alikuwa wodini, akisubiri kukatwa mguu wa kushoto juu ya goti kwa sababu ya saratani ya mfupa.

Walikuwa wametoka Uvira miaka sita nyuma, wawili tu. Kila jioni akitoka shule Esperance alipita sokoni kukunja vitenge, na Owino nzima hakuna aliyekunja kama yeye, pembe kwa pembe. Mwezi wa pili goti lilianza kuvimba. Wiki hiyo hiyo waliitwa kwenye ofisi inayoshughulikia wakimbizi, wakaambiwa kwamba faili lao la kwenda Kanada limeanza kutembea na kwamba mbele kuna kipimo cha afya. Wakongo wenzao wote walijua, na kila aliyejua alikuwa ameambiwa na mwingine aliyejua, kwamba ukikutwa na ugonjwa faili linafungwa, la nyumba nzima. Marie-Jeanne akamkalisha msichana chini.

"Usiseme kwa mutu," alimwambia. "Hata kwangu usiseme. Kinywa yangu haina mulango."

Esperance alikuwa mtoto msikivu, na usikivu ndio uliomponza. Hakumwambia mtu. Aliviambia vitenge, kisha akavikunja.

Siku ya kipimo walimsikiliza kifua, wakamtoa damu, wakampitisha. Sketi ilikuwa ndefu na alitembea wima kama askari wa gwaride. Mwezi wa kumi mfupa ulivunjika akishuka ngazi mbili za kanisa. Daktari alitazama picha, akauliza maumivu yalianza lini. Marie-Jeanne akasema wiki iliyopita. Esperance, pale kitandani, akaitikia kwa kichwa. Daktari akasema angeletwa mapema mguu huenda ungepona. Sasa utakatwa, na hata ukikatwa hawezi kuahidi kitu.

Marie-Jeanne alikwenda ofisini kuungama, tayari kufungiwa faili. Afisa alikuwa akitafuta stepla kwenye droo. Alimweleza bila ubaya wowote kwamba mtoto mwenye ugonjwa kama huo hafungiwi faili, hutangulizwa. Angesema mwezi wa pili, saa hizi wangekuwa wameshafika. Akaipata stepla, akabana karatasi zake. Marie-Jeanne alishuka ngazi akiwa ameshika ukuta.

Kesho yake ndiyo ile Alhamisi ya mama wa Mengo. Baada ya hapo vitenge vilisema kila mahali, kwa sababu msichana alikuwa amekunja miezi minane na vingi vilishauzwa. Kule Nakivubo kitenge kilichofungwa kiunoni mwa mwuza chai kiliumwa goti mchana kutwa na wateja wakanywa chai yao. Jumapili kanisani kwaya ya akina mama ilisimama na sare mpya, wanawake kumi na wanane wa jora moja, na magauni yakalalamika moja baada ya jingine kuanzia kushoto. Augustin, mwalimu wa kwaya, alipandisha wimbo kidogo ili usikike. Mchungaji aliombea magoti yote. Hakuna aliyemgeukia Marie-Jeanne, na hilo lilimchoma kuliko kama wangemnyooshea kidole.

Jumatatu hakuuza. Alikaa nyuma ya meza akakunjua rundo lote tangu chini. Alitaka akute kimoja kinachomtaja yeye, kinachosema mama mdogo ni mbaya, mama mdogo anapenda Kanada kuliko mimi. Kimoja kilisema leo nimeanguka chooni. Kingine kilisema mwalimu ameniuliza kwa nini nachechemea nikajibu ni mpira. Cha tatu kutoka juu kilimwomba Mungu mama mdogo asione namna ninavyopanda kitanda. Lawama hazikuwamo. Alilia kwa hasira, maana angekuta moja tu angepumua.

Akaamua kumwambia Esperance yote kabla ya upasuaji. Siku ilipofika alimpelekea kitenge cha kujifunika, akatembea kando ya kitanda cha magurudumu mpaka mlangoni, na pale mlangoni akamwambia kuna kitu atamwambia akitoka.

Alitoka. Siku ya tatu alikuja nesi Lakot, binti wa mwanajeshi, aliyekulia kambini na Kiswahili cha kambini, akiwa na fomu yake.

"Maumivu iko ngapi?" aliuliza. "Kutoka sufuri mpaka kumi."

Esperance alimtazama kwanza mama yake mdogo usoni, kama mtu anavyotazama mawingu kabla ya kuanika nguo.

"Mbili," alisema.

Lakot akainua kitenge kilichokunjwa juu ya mguu ili aone bandeji. Kitenge kikakunjuka.

"Tisa," kikasema. "Usiku ilikuwa kumi."

Kalamu ya Lakot ilisimama. Akamgeukia Marie-Jeanne, akamwuliza aandike ipi. Marie-Jeanne alifungua kinywa, na yote yalikuwa pale kwenye ulimi: mwezi wa pili, ofisi, afisa na maneno yake.

"Andika ya kitenge," alisema.

Lakot akaandika tisa, akaenda kuleta dawa. Esperance alikivuta kitenge mpaka kidevuni, akaanza kulinganisha pembe zake.

"Unisamehe, Mama mudogo," alisema. "Nilizani niliikunja muzuri."

Marie-Jeanne akamwambia haina neno, amemsamehe.