Homa ya Jioni

Asubuhi Mwanaesha alikuwa mzima, na hilo ndilo lililomponza. Mtu anayeugua jioni tu, mchana akafagia, akapika, akacheka na jirani dirishani, nani atamwamini? Si mavyaa wake, Bi Mwanakuu, mama yake mumewe, mwenye nyumba ile ya Kibokoni na ulimi wa kukatia kamba. Jua likianza kushuka, homa ilimpanda Mwanaesha, viungo vikamuuma, kisha jasho likamtoka mpaka leso ikawa ya kukamuliwa. Bi Mwanakuu akasimama mlangoni, mkono kiunoni, akamtazama kama samaki aliyevunda.

"Yuwajidai tu," akasema. "Asubuhi hana neno. Ikifika saa ya kukuna nazi, ndipo homa yaja. Homa gani hiyo yenye saa?"

Akishasema hivyo alijifungia chumbani mwake na tasbihi, asionekane mpaka baada ya isha. Hakuna aliyethubutu kumgongea. Mwanaesha akabaki kitandani akimtukana kimoyomoyo, na alikuwa hodari wa matusi.

Tangu mimba yake ilipoharibika, mwezi wa Mfunguo Mosi, yalianza maneno ya kurudishwa kwao. Taib, mumewe, aliyasikia na hakutia neno. Alikuwa karani wa bohari huko Shimanzi, mwanamume wa kanzu iliyopigwa pasi ikaweza kusimama peke yake. Uti wa mgongo ilikuwa nao kanzu, si yeye. Mama akikohoa, yeye ndiye apangusaye mdomo. Mwanaesha alimpenda zamani kidogo, na sasa kila akikumbuka alijionea haya.

Uani alikuwako mbuzi, Johari, wa kizazi kilicholetwa kutoka Barawa na wazee wa Bi Mwanakuu. Alitunzwa kuliko Mwanaesha, mkaza mwana wa nyumba. Alfajiri Bi Mwanakuu alimkama kwa mkono wake, akanywa yeye kwanza, maziwa yakiwa bado na joto la kiwele na povu juu, kisha akampa Mwanaesha bakuli lililojaa. Taib hakuonja, tumbo lake halikutaka ila kahawa. Mwanaesha aliwahi kuyatia jikoni yachemke, ikawa vita.

"Kuchemsha ni kuyaua!" Bi Mwanakuu alifoka. "Hufanya hivyo watu wa maziwa ya kununua, yaliyotiwa maji ya mfereji. Hapa si kwenu."

Basi Mwanaesha akanywa, kisha akainama kuubusu mkono wa mavyaa wake kama ada, mkono baridi unaonukia udi. Ndivyo ilivyokuwa kila kukicha. Na alivyozidi kuugua, ndivyo bakuli lilivyozidi kujazwa, ati apate nguvu.

Vidonge vya Daktari Kamaludin vilimtuliza kwa muda, homa ikarudi. Akaenda tena, tena akapata nafuu, tena ikarudi. Safari ya mwisho daktari alimtoa damu, na majibu yalipokuja akamwita pamoja na mumewe. Daktari huyu naye alikuwa na maringo yake, mtu aliyesoma Bombay na asiyetaka usahau.

"Mnakunywa maziwa mabichi," akasema, kama aliyewafumania.

"Ya mbuzi wa mama," akajibu Taib, akiirekebisha kofia.

"Basi ugonjwa watoka kwa mbuzi wa mama. Vijidudu viko ndani ya maziwa."

"Na dawa zako mbona haziviui?" akauliza Mwanaesha. "Nimezila kama njugu."

Daktari akamtazama upya. Akaeleza kwamba ndani ya damu mna chembe nyeupe, askari wa mwili, kazi yao kumeza kila kijidudu na kukiyeyusha. Hawa wa maziwa humezwa kama wengine, lakini hawayeyuki. Hukaa mle mle tumboni mwa askari, wakala, wakazaana, na askari akawabeba bila kujua mpaka kwenye ini, kwenye bandama, kwenye mifupa. Dawa hupita nje na kuwaua walio nje tu. Ikiisha, wa ndani hutoka, na homa ikaanza upya.

"Na mbona hawayeyuki?"

"Hilo hatujalijua."

"Lo! Askari gani hao," akasema Mwanaesha. "Wamemeza mwizi, wakampa chumba na chakula."

Daktari, kwa mara ya kwanza, akacheka. Akasema iko dawa mpya ya sindano, ichanganywe na vidonge, kwa muda mrefu. Hakuahidi kwamba haitarudi tena. Lakini maziwa mabichi yakome leo, la sivyo Mwanaesha asimpotezee yeye daktari wakati.

Kulipokucha Mwanaesha alilisukuma bakuli.

"Johari ana ugonjwa," akasema. Taib alikuwapo, alisikia kila neno la daktari. Akayakodolea macho mazulia.

Bi Mwanakuu alipandisha sauti. "Umeniulia mjukuu kwa uvivu wako, sasa wamsingizia mbuzi wangu? Taib! Mrudishe kwao. Leo!"

Na Taib, maskini ya Mungu, akaenda kumwita Abdulghafur, kaka yake Mwanaesha, aje amchukue.

Abdulghafur alikuwa kazini Mbaraki na alichelewa. Alipobisha hodi jua lilikuwa linazama, na Bi Mwanakuu alikwisha kujifungia. Lakini mkaza mwana haondoki bila kuaga, hata akifukuzwa. Ikabidi Taib amgongee mamake, naye akatoka polepole, akiushika ukuta, na akautoa mkono wake ubusiwe.

Mwanaesha akainama. Midomo ilipogusa, akashtuka. Mkono ule aliubusu asubuhi zote, hakuwahi kuubusu jioni. Ulikuwa wa moto kama chungu.

Hakuuachilia. Akainua uso, akaiona leso imemganda mama huyu shingoni, imelowa. Alikuwa ameimeza homa yake na kuinyamazia, nayo ikimla ndani, ili tu mwenziwe aonekane mwongo.

"Niwache! Ni joto la chumbani," Bi Mwanakuu akasema.

"Taib, njoo umshike mamako," akasema Mwanaesha.

Taib akamtazama mama, apate ruhusa.

"Mshike!" Abdulghafur akamkemea.

Taib akaweka kiganja kwenye paji la uso wa mamake. "Mama, wawaka!"

"Asubuhi hakuwa na neno," Mwanaesha akasema. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Basi naye yuwajidai. Kawaite nduguze, arudishwe kwao."

Bi Mwanakuu akakaa kitako juu ya bunda la nguo alizofungasha Mwanaesha, pumzi zikimpaa.

"Hiyo sindano," akauliza kwa sauti ndogo ambayo nyumba ile haikuwahi kuisikia, "yauma?"

"Yauma sana," Mwanaesha akajibu, na akaenda jikoni kuyachemsha maziwa.