Msiba wa Manase

Fomu zetu za kuhudumia wakimbizi zina kisanduku cha chanzo cha msongo wa mawazo. Kwa Manase niliandika: amefiwa na rafiki. Ni uongo, na mwandishi ni mimi. Ezra alikuwa mpenzi wake. Waliishi pamoja Uvira miaka sita, hadi walipojulikana wakakimbia, kila mmoja na njia yake. Ezra akafia njiani. Lakini fomu hupita mikono mingi, na Manase alishafukuzwa chumba kimoja kule Engutoto kwa minong'ono tu.

Mimi Sabina ni mnasihi, na wanaodhani unasihi ni kuvuta pumzi na kuhesabu hadi nne hunikera. Hata hivyo, vikao vitano tulivuta pumzi. Usingizi aliokuja kuutafuta kwangu haukuja. Cha sita akasema, "Dada Sabina, tangu Ezra afe, hakuna mtu amenipa pole."

Niliona aibu. Hata mimi sikuwa nimempa.

Jumamosi mchana nikaenda kwake Kaloleni tukae matanga: mimi, yeye, na picha ya Ezra kwenye simu. Tulipatana kwamba akiulizwa na mtu, aseme amefiwa na kaka. Nikajiona mjanja. Nilichosahau ni kwamba kwenye nyumba ya kupanga hakuna kilio cha mtu mmoja. Manase alipoanza kulia, hazikupita dakika kumi, mwenye nyumba akabisha hodi na chupa ya chai mkononi.

Manase akaruka, akaipokea, akatafuta vikombe, akaanza kumimina huku machozi yanamtoka.

"Shikamoo, Bi Zakia."

"Marahaba. Pole, mwanangu. Umefiwa na nani?"

Nikamkazia macho. Sema kaka. Neno moja tu, na chumba kinabaki chako.

"Anaitwa Ezra," akasema. "Hakuwa ndugu yangu. Tuliishi pamoja miaka sita, mama. Nilimpenda."

Niliogopa, sifichi. Nilianza kupiga hesabu, akifukuzwa tena, mifuko yake itaenea wapi ofisini kwetu. Bi Zakia aliitazama picha, akamtazama Manase, akarudi kwenye picha. Kusoma nyuso ndiyo kazi yangu, na ule wake sikuusoma. Kisha akamnyang'anya chupa.

"Tangu lini mfiwa akawamiminia watu chai?" akasema. "Kaa chini."